Msingi Kwanza, Cheti cha Wingu Baadaye

Kila kizazi cha wanafunzi wa nchi hii kimekuwa na cheti chake cha kukimbilia. Kulikuwa na wakati ambapo cheti cha kupiga taipu kilitosha kumfungulia kijana mlango wa ofisi. Kikaja cha uhasibu, kisha vikaja vile vya kutumia kompyuta, vilivyotolewa na vyuo vilivyochipuka kama uyoga katika orofa za majengo ya miji yetu. Leo mbio hizo zimeelekea kwenye wingu. Simaanishi wingu la mvua. Namaanisha kompyuta za makampuni makubwa ya kigeni ambazo mtu huzikodi akiwa mbali, akazitumia kupitia intaneti na kulipia kadiri ya matumizi yake.

Sababu za mbio hizo si ngumu kuziona. Benki, mashirika ya bima, vyuo vikuu na hata idara za serikali zimekuwa zikihamishia kazi zao katika kompyuta hizo za kukodi. Mnamo Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto nchini Marekani, kampuni ya Microsoft na ile ya G42 kutoka Umoja wa Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa kuwekeza dola bilioni 1 humu nchini, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data kitakachotumia umeme wa mvuke wa Olkaria. Mwanafunzi anaposikia habari za aina hiyo, hawezi kulaumiwa akianza kuuliza ni cheti gani kitakachompa nafasi. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua haimfai asiyelima, na swali linalonikera ni iwapo sisi walimu na wanafunzi wetu tumelima.

Katika vyeti vyote vya wingu, nitakitazama kimoja tu: kile cha uhandisi wa mitandao. Nimekichagua kwa kuwa ndicho kinachoonyesha waziwazi tofauti iliyopo baina ya kufaulu mtihani na kuelewa kazi. Rai yangu ni kwamba cheti hicho ni kizuri kwa aliyekwisha kujenga msingi, na ni mtego kwa anayekitaka badala ya msingi.

Kwanza, mhandisi huyu hufanya nini? Kwa lugha nyepesi, yeye ni mpimaji wa barabara na bawabu kwa wakati mmoja. Hugawa anwani kwa kila kompyuta ili ujumbe ujue uendako. Huchora njia ambazo ujumbe utapitia, na njia nyingine za akiba endapo zile za kwanza zitaharibika. Huandika sheria za kuamua ni nani apite na nani azuiwe langoni. Huunganisha ofisi iliyoko Nakuru na kompyuta zilizokodiwa ng'ambo. Hugawanya mzigo wa wageni baina ya seva nyingi ili moja isilemewe. Na mambo yanapokwama usiku wa manane, yeye ndiye anayeamshwa kutafuta hitilafu.

Jina hili la wingu limewapumbaza wengi wakadhani kwamba kitu hiki hakina mahali. Kina mahali. Wingu ni majengo yenye kuta, paa, majenereta na walinzi. Microsoft ilifungua vituo vyake vya kwanza barani Afrika huko Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Ujumbe unaotoka Nairobi kwenda huko hauruki angani. Hupita katika nyaya za faiba hadi Mombasa, ukatumbukia baharini na kufuata pwani kuelekea kusini.

Mwalimu wa fizikia na aitafakari hesabu hii. Mwanga ndani ya faiba husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni yapata kilomita 2,900. Kwenda na kurudi ni kilomita 5,800, ambazo mwanga utazimaliza kwa milisekunde 29. Waya wenyewe haukunyooka, kwa hivyo muda halisi ni mrefu zaidi. Hakuna kampuni, hata iwe tajiri namna gani, inayoweza kupunguza muda huo chini ya kiwango kilichowekwa na maumbile. Mhandisi anayeijua hesabu hii hatamwahidi mwajiri wake kisichowezekana. Asiyeijua atabofya vitufe usiku kucha akitafuta kasi isiyokuwepo.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. Ule wa Google katika ngazi ya utaalamu huchukua saa 2, una maswali baina ya 50 na 60 ya kuchagua jibu, na ada yake ni dola 200 kabla ya kodi. Kwa kima cha takriban shilingi 130 kwa dola, hizo ni kama shilingi 26,000. Msomaji anayelipia karo ya mtoto wa shule ya bweni anajua uzito wa fedha hizo. Kampuni yenyewe inashauri mtahiniwa awe na tajriba ya miaka 3 au zaidi katika kazi hii, ukiwemo angalau mwaka 1 wa kubuni na kusimamia mitandao katika wingu lake. Na cheti, baada ya taabu yote hiyo, huishi miaka 2 tu. Baada ya hapo mwenye nacho sharti ajipime upya, la sivyo kinafifia.

Maswali ya mtihani huo si ya kutaja maana za maneno. Mtahiniwa hupewa mkasa: kampuni fulani ina ofisi mbili, inataka kuziunganisha na wingu kwa njia ya faragha, haitaki njia moja ikikatika kazi isimame, na haina fedha nyingi. Je, utaijengea nini? Majibu yote manne yanaweza kuonekana sahihi kwa asiyejua. Kwa hiyo, tuseme haki ilipo: mtihani huu si mchezo wa watoto. Aidha, una usawa ambao kazi zetu nyingi hazina. Karatasi anayoifanya kijana wa Kitale ni ile ile anayoifanya kijana wa London, wala hakuna mjomba wa kumwombea. Katika nchi ambamo barua ya kujulishwa kwa mkubwa bado ina nguvu, jambo hilo si dogo.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo wanafunzi hawaambiwi. La kwanza ni kwamba cheti hiki hutolewa na mfanyabiashara. Anayetahini ndiye anayeuza bidhaa inayotahiniwa. Sisemi kwamba kuna hila katika hilo. Ni haki ya mfanyabiashara kutaka wateja wake wahudumiwe na watu wanaoijua bidhaa yake. Lakini silabasi ya mfanyabiashara hufuata biashara yake. Leo kifaa kina jina hili, mwakani kina jina lile. Vitufe huhamishwa, huduma huondolewa, nyingine huzaliwa. Chuo kinachoigeuza silabasi hiyo kuwa ndiyo elimu yake yote kimejifunga kamba na kumkabidhi mwingine ncha yake.

La pili ni kwamba elimu iliyo chini ya vitufe hivyo ni kongwe na haiharibiki. Anwani za IP za toleo la 4, ambazo bado zinatumika duniani kote, zilielezwa mwaka 1981. Mfumo wa majina wa DNS, ule unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani, ulibuniwa mwaka 1983. BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huitumia kuambiana njia, ilianza kuandikwa mwaka 1989, na toleo lake la 4 linaloendesha intaneti ya leo ni la mwaka 1994. Mbinu ya sasa ya kukata anwani katika mafungu iliwekwa mwaka 1993. Hebu pima mambo hayo mawili katika mizani: cheti cha miaka 2, na maarifa yaliyodumu zaidi ya miaka 30 na bado yanadai mishahara. Mwanafunzi mwenye shilingi chache na muda mchache aanzie wapi?

Matukio ya miaka ya hivi karibuni yamelijibu swali hilo kuliko nitakavyoweza mimi. Mnamo Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa 6. Hapa kwetu, biashara ndogondogo zinazopokea oda kwa WhatsApp zilikaa kimya tangu jioni hadi usiku wa manane. Kisa chake kilikuwa amri moja ya matengenezo iliyokata mawasiliano baina ya vituo vya kampuni hiyo. Seva zake za DNS, zilipoona zimetengwa, ziliondoa matangazo yao ya BGP, na dunia ikasahau njia ya kuzifikia. Zana ambazo wahandisi walihitaji ili kurekebisha kosa hilo nazo zilitegemea mtandao ule ule uliokufa.

Mnamo Mei 12, 2024, zamu ilikuwa yetu. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine ikazorota. Yaliyotokea kabla ya siku hiyo yaliongeza uzito wake, kwani tangu Februari mwaka uo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimeharibiwa katika Bahari ya Shamu. Waliokuwa wameweka kazi zao zote Afrika Kusini na kutegemea njia ya pwani peke yake walitambua siku hiyo ukweli wa ile methali kwamba kamba hukatikia pabovu. Waliokuwa na njia nyingine, kama ile ya TEAMS inayotoka Mombasa kwenda Fujairah, walipata pa kupumulia.

Na mnamo Oktoba 20, 2025, hitilafu katika vituo vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani, iliangusha huduma nyingi katika mataifa mbalimbali. Chanzo? DNS, yule mzee wa mwaka 1983. Kumbukumbu za majina zilipoharibika, seva zilizokuwa hai na zenye afya hazikuweza kupatikana, mfano wa nyumba iliyo imara ambayo kibao chake cha namba kimeng'olewa.

Angalia, msomaji, kwamba katika mikasa hii yote hapana hata mmoja uliotokana na jambo jipya. Kulikuwa na njia zilizofutika, waya zilizokatika na majina yaliyopotea. Anayeyajua mambo hayo matatu kwa kina ataweza kusaidia katika wingu la kampuni yoyote. Aliyekariri mahali pa kubofya hatakuwa na la kusema, kwa sababu siku kama hizo hata ukurasa wenye vitufe unaweza kukataa kufunguka.

Hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi kuhusu tabia tuliyowalea nayo wanafunzi wetu. Sisi ni taifa la mitihani. Tunajua jinsi ya kumfundisha mtoto apite bila kuelewa, na tunajua aibu inayofuata. Baada ya udanganyifu uliokithiri katika KCSE ya mwaka 2015, bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa mnamo Machi 2016. Tabia ile ile sasa imehamia katika vyeti vya wingu. Kuna wafanyabiashara wa mtandaoni wanaouza maswali yanayodaiwa kuwa ya mtihani halisi, pamoja na majibu yake. Kijana huyameza kwa wiki tatu, akapita, akaning'iniza cheti ukutani. Makampuni yanayotahini yamepiga marufuku mwenendo huo na yanaweza kukifuta cheti kilichopatikana hivyo. Lakini adhabu kubwa haitoki kwa kampuni. Inatoka kazini, siku ya kwanza ambapo mwajiri atasema, "Ofisi yetu ya Kisumu haionani na seva. Tengeneza."

Basi msingi ninaoudai ni upi? Nitautaja kwa mifano, ili mwalimu yeyote aweze kuupeleka darasani kesho.

Wa kwanza ni hesabu ya anwani. Anwani ya IP ya toleo la 4 ni tarakimu 32 za 0 na 1. Tunapoandika 10.20.5.0/24, tunasema kwamba tarakimu 24 za mwanzo zimefungwa na 8 za mwisho ziko huru. Mbili kwa kipeo cha nane ni 256, na hizo ndizo anwani zilizomo katika fungu hilo. Google huzishika 4 kwa matumizi yake, zikabaki 252. Amazon huzishika 5, zikabaki 251. Mwanafunzi wa Kompyuta katika shule zetu za upili hufunzwa namba za 0 na 1, akazijibu mtihanini, kisha akazisahau kwa kuwa hakuambiwa zina kazi gani. Kazi yake ni hii. Mwalimu akilifanya somo hilo kuwa la kugawa anwani za maabara, maktaba na ofisi ya mwalimu mkuu, bila mafungu kugongana, atakuwa amefundisha sehemu ya mtihani wa dola 200 kwa kipande cha chaki.

Nimetaja kugongana kwa makusudi. Ziko anwani zilizotengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani, kama vile zile zinazoanza na 10 na zile zinazoanza na 192.168. Kila mtu anaruhusiwa kuzitumia kwake. Ubaya ni kwamba shirika likitumia fungu moja ofisini na fungu lilo hilo katika wingu, siku ya kuviunganisha viwili hivyo patakuwa na mtafaruku. Ni kama watu wawili katika mji mmoja waliopewa sanduku la posta lenye namba moja. Karani atautia mkoba gani barua? Makosa ya aina hii hufanywa siku ya kwanza na kulipiwa miaka mitatu baadaye, na dawa yake si kifaa bali ni karatasi na kalamu kabla ya kujenga.

Msingi wa pili ni njia. Katika BGP, ruta mbili zinazopashana habari huitwa majirani. Kila jirani humwambia mwenzake: "Mimi najua njia ya kufika pale." Jirani naye humpasha jirani yake, na kwa namna hiyo habari huenea dunia nzima. Mtandao unaokaa na jirani mmoja tu uko hatarini. Jirani huyo akinyamaza, nao umezimika. Ndiyo maana mhandisi wa wingu hutakiwa kujenga njia mbili za faragha baina ya ofisi na wingu, zenye vifaa mbalimbali, na ikiwezekana zipite barabara mbalimbali. Mwalimu wa jiografia aliye na ramani ya nyaya za baharini zinazotia nanga Mombasa anaweza kulifundisha hili vizuri kuliko kitabu chochote cha kampuni.

Msingi wa tatu ni ulinzi. Katika wingu la Google, mtandao mpya uliojengwa na mtu mwenyewe huanza na sheria mbili za kimyakimya: anayeingia azuiwe, anayetoka aruhusiwe. Mwanafunzi hana budi kuelewa kwa nini sheria ziliwekwa hivyo, na kwa nini ni hatari kufungua mlango kwa ulimwengu mzima ati kwa sababu jambo fulani limekataa kufanya kazi. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamdai kila anayehifadhi habari za watu azilinde. Anayeufungua mlango huo kwa pupa hucheza na siri za wagonjwa, wateja na wanafunzi wa nchi hii.

Mwenye misingi hiyo mitatu hatatishwa na tofauti za makampuni. Katika wingu la Google, mtandao mmoja wa faragha huweza kuenea katika maeneo yote ya dunia, na mafungu yake ya anwani ndiyo hufungamana na eneo moja moja. Katika wingu la Amazon, mtandao wenyewe hufungamana na eneo moja, na kila fungu na kanda moja ndani yake. Aliyekariri la kwanza atapotea akiajiriwa na wenye la pili. Aliyeelewa maana ya fungu na njia atalijua la pili baada ya siku chache za mazoezi.

Naam, mazoezi. Kuna wanaodhani kwamba pasipo maabara ya mamilioni hapafundishiki kitu. Si kweli. Kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, usiolipiwa, inaweza kugeuzwa ruta. Programu ya Wireshark, nayo bila malipo, humwonyesha mwanafunzi kila ujumbe unaopita katika waya. Amri za kupima njia zimo katika kompyuta zote. Kwa upande wa wingu lenyewe, Google humpa mteja mpya dola 300 za kujaribia kwa siku 90, ila humtaka aonyeshe kadi ya malipo. Wakenya wengi wasio na kadi ya benki wamepata afueni tangu mwaka 2022, Safaricom ilipoleta kadi isiyoshikika ya M-Pesa kwa ushirikiano na Visa. Lakini nawaonya vijana: muda wa majaribio ukiisha na ukajiandikisha kama mteja wa kulipa, kila kifaa ulichokiacha wazi kitahesabiwa saa baada ya saa. Ilani ya bajeti hukujulisha kwamba fedha zinatumika. Yenyewe haizuii zisitumike. Mazoea ya kubomoa ulichojenga kabla ya kulala ni sehemu ya elimu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa Kiswahili hawapaswi kuliachia wengine. Mtihani haupatikani kwa lugha yetu, na sitarajii kampuni ya kigeni ituonee huruma. Lakini kuelewa hutangulia mtihani, na kuelewa hakulazimiki kupitia Kiingereza. Tazama maneno niliyotumia hapo juu: anwani, njia, lango, jirani, fungu, itifaki. Mengi kati yake ni ya Kiswahili cha kila siku, na mwanafunzi anapoyasikia huiona picha kabla ya kuona neno la kitaalamu. Vyama vya Kiswahili na vya kompyuta katika shule zetu vikutane mchana mmoja kwa mwezi, vieleze jambo moja la mtandao kwa lugha hii. Atakayenufaika si lugha peke yake.

Najua wako watakaonijibu kwamba nasema ya mwenye shibe. Kijana hana kazi leo, mwajiri anataka cheti leo, na mwandishi anamwambia akasome mambo ya mwaka 1981. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Jibu langu ni kwamba simwambii aache cheti. Namwambia kisiwe cha kwanza. Miezi sita ya misingi, kisha miezi kadhaa ya kujenga na kubomoa, kisha ndipo alipe zile shilingi 26,000. Akifuata mpango huo atazilipa mara moja. Akiukiuka huenda akazilipa mara tatu, na mara ya tatu akapita bila kujua alichopita.

Tena historia yetu wenyewe inatufunza. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi iliweza kulazimika kuvuka bahari na kurudi, kwa gharama kubwa ya satelaiti. Wahandisi wa humu nchini walielewa njia, wakaona upuuzi huo, na mnamo Novemba 2000 makampuni yao yakaanzisha KIXP, mahali pa kubadilishana mawasiliano ya ndani bila kuyapeleka ng'ambo. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga kituo hicho mwezi uliofuata. Wenyewe hawakukata tamaa. Waliitetea hoja yao hadi kikafunguliwa tena mnamo Februari 2002. Ushindi ule haukuletwa na cheti cha kampuni yoyote. Uliletwa na watu waliojua ujumbe hupita wapi na kwa nini, wakaweza kulieleza hilo mbele ya wakubwa.

Watu wa aina hiyo ndio tunaowahitaji sasa, vituo vya data vinapozungumziwa Olkaria na kwingineko. Tusipowaandaa, majengo yatasimama katika ardhi yetu, yatapozwa kwa maji yetu na kuwashwa kwa mvuke wetu, na kazi ya kuchora njia ifanywe na wageni huku vijana wetu wakilinda lango la nje. Mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Kuvukuta si aibu kwa anayeanza, mradi macho yake yawe kwenye nyundo. Walimu wenzangu, tuwakabidhi wanafunzi wetu nyundo hiyo muhula huu, kwa chaki na kompyuta kuukuu tulizo nazo, bila kungoja maabara wala waraka kutoka wizarani.